Mume wangu anasema ni paja

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu ni dereva wa bodaboda. Mwaka jana alivunjika paja, akawekewa vyuma, akapewa tramadoli, vidonge vya maumivu, za wiki mbili. Paja limeunga, pikipiki karudia, vidonge hajaacha. Kila asubuhi anaamka na miayo, kamasi na jasho, anasema paja linamuua. Juzi alitoka na ganda zima la vidonge kumi vya miligramu 50. Usiku nafua suruali, ganda tupu. Hela za marejesho ya pikipiki zimeanza kupelea. Nikimuuliza anafoka: "Hizi dawa za hospitali, mimi siyo teja!" Kitandani ndiyo kanipa mgongo kabisa, nahisi ana mwanamke. Nizitupe hizo dawa? Na ndugu zake niwaambie? Mama Rehema, Mbagala.*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na huyo mwanamke, maana naona ndiye anayekunyima usingizi. Huenda hayupo. Tramadoli ni ya jamii ya afyuni, ukoo mmoja na mofini na heroini. Mtu akizimeza dawa hizi muda mrefu, homoni za kiume hushuka na hamu ya tendo la ndoa hupotea. Vijana wa vijiweni huimeza wakiambiwa inachelewesha, kinachofuata hawaambiwi. Sisemi mumeo malaika, nasema usiende kumvizia kijiweni bado.

Kwamba ni dawa za hospitali, ni kweli. Yeyote anayemeza tramadoli kila siku kwa wiki kadhaa, mwili huzoea na akikosa unamdai. Hilo humpata hata mgonjwa anayefuata cheti cha daktari vizuri kabisa, wala si aibu. Uraibu uangalie kwenye mambo yanayokizunguka kidonge: dozi inapanda bila daktari kujua, hela ya nyumbani inaliwa, ukiuliza unafokewa, duka moja likimkatalia anahamia la pili. Matatu ya hayo umeyaandika mwenyewe.

Sasa mwangalie asubuhi kabla hajameza. Miayo mfululizo, kamasi, jasho, pengine tumbo linaendesha na ngozi imemsisimka kama kuku aliyenyonyolewa. Akimeza, baada ya muda mfupi yote yanatulia. Mwanangu, paja halitoi kamasi. Hiyo ni arosto, yaani mwili unaidai dawa, ile ile ya wenye unga, nayo huuma mpaka kwenye mifupa. Kwa hiyo hakudanganyi anaposema anaumwa, ila anakosea chanzo. Tena dawa hizi zikitumika sana zinaweza kuufanya mwili uhisi maumivu zaidi, naye akazidi kuongeza. Mchana utamwona kinyume chake: anajikuna, choo kigumu, anasinzia na kijiko mkononi.

Kinachonitisha ni vile vidonge kumi. Hiyo ni miligramu 500, na kiwango cha juu cha mtu mzima kwa siku ni 400. Tramadoli ikizidi huleta degedege, hata kwa asiye na kifafa, na huyu yuko juu ya pikipiki na abiria nyuma. Akichanganya na pombe au vidonge vya usingizi, pumzi inaweza kukatika usingizini. Siku ukimtikisa haamki, anakoroma kwa kukwama, anapumua kwa nadra, midomo imegeuka rangi, mlaze ubavu na umkimbize hospitali. Wauguzi uwaambie wazi kameza nini, usimfichie aibu. Ipo sindano ya naloksoni inayoweza kumzindua.

Kuzitupa, hapana. Akikatishwa ghafla arosto itampiga vibaya, na jioni atakuwa kanunua nyingine usikokujua. Dawa hii hupunguzwa kidogo kidogo na daktari. Mrudisheni kwa daktari wa mifupa aliyemtibu, mkiwa na ganda tupu mkononi, na mseme idadi ya kweli. Paja lipigwe picha tena, maana kama kweli kuna chuma kinachosumbua, litibiwe kwa njia nyingine. Ikionekana daktari huyo hawezi kumshusha dozi, hapo hapo Temeke kuna kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu badala ya heroini. Huduma hiyo ilianzia Muhimbili mwaka 2011 kwa ajili ya watumiaji wa heroini. Wahudumu wake wanaijua arosto na watakuelekeza hata kama methadoni si dawa yake.

Kuna watakaokushauri umfungie ndani wiki mbili "atoke jasho". Usikubali. Mwili ukishasahau dawa, siku atakayorudia dozi yake ya zamani ndiyo inayoweza kumuua.

Kuongea naye, subiri saa ambayo hana arosto wala hasinzii, watoto wamelala. Neno teja usilitamke. Mwambie tu ulichokiona: "Baba Rehema, kila asubuhi kabla ya vidonge nakuona unatoka kamasi. Twende kwa daktari wote wawili." Akifoka, nyamaza, urudie kesho kutwa.

Ndugu zake usiwaambie wote, maana mkutano wa ukoo utamfanya ajifiche zaidi. Mwambie mmoja anayemheshimu. Kama pikipiki ilipatikana kwa dhamana ya kaka yake, basi aanze huyo, kwa sababu ndiye anayeweza kuizuia isiingie barabarani na kuongea na mwenye mkopo mpaka dozi ishuke.