Kabla hujanunua lenzi ya ndege, ishike kwanza

Lenzi yangu ya kwanza ya kupigia ndege ilikuwa ya milimita 75 hadi 300, ya bei ya chini, nami nikajiona nimefika. Ukiivuta mpaka mwisho, manyoya yanageuka pamba. Nikaamua dawa ni milimita 600. Rafiki akaniazima Sigma yake ya 150-600, ile ya Sport, tukapanda boti Ziwa Naivasha.

Karibu kilo tatu! Nahodha aliporusha samaki ili furukombe ashuke, mkono wangu ulishaanza kutetemeka. Isitoshe, lenzi nilikuwa nimeivuta hadi 600 tangu tutoke ufukweni, kwa hiyo nikichungulia naona mbingu tupu. Huku namtafuta, furukombe mwenzangu kashabeba samaki wake karudi mgungani. Nilichoambulia ni picha moja ya mkia.

Siku hizi naanzia 200, nikishamnasa ndege ndipo navuta. Faida ya zuumu ndiyo hiyo hasa.

Sigma hiyohiyo ina dada yake, Contemporary, isiyofika kilo mbili. Mimi nimeishia kwenye Canon 100-400 toleo la pili, kilo moja na nusu hivi. Kamera yangu ni ya sensa ndogo, ya APS-C, basi 400 inaonyesha kama 640. Lakini kilichonimaliza ni ndege wadogo, chozi, wanaokuja kwenye mshubiri nje ya dirisha la jikoni. Lenzi hii inashika fokasi chini ya mita moja. Contemporary inataka mita 2.8, ningelazimika kurudi nyuma hadi kwenye jiko.

Tundu la mwanga la lenzi hizi, f/5.6 au f/6.3, ni dogo, alfajiri utapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na picha itakuwa na chengachenga. Zivumilie. Picha iliyotikisika ndiyo haina dawa, kwa hiyo ndege akiruka mimi huweka kasi ya 1/2000 ya sekunde.

Na urefu usikudanganye. Saa saba mchana pale Mida, Watamu, ndege sululu akiwa mbali juu ya tope, joto linaichezesha hewa mpaka miguu yake inapindapinda. Hata ya 600 itakuletea huo mpindo tu, mkubwa zaidi. Nenda asubuhi maji yanapojaa, yawasogeze ndege kwako.

Ukinunua ya mtumba, hasa sisi wa Pwani, ingia chumba chenye giza, washa tochi ya simu, mulika upande mmoja na uchungulie mwingine. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Muuzaji mmoja aliniapia ni vumbi, nikaamini. Nilifuta kioo wiki nzima kabla ya kung'amua kwamba zimo ndani.