Bustani ya Nyumbani: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Nilinunua kitabu kikubwa cha kilimo cha mboga za nyumbani, kimeandikwa Uingereza, kina ratiba ya mwezi kwa mwezi. Nimekifuata neno kwa neno, hata mbegu za vitunguu nililetewa kutoka huko huko. Majani yamerefuka kama ya mahindi, lakini chini ni shingo nene tu. Nimekosea mbolea?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mbolea haina kosa. Kitunguu maji huanza kujaza kulingana na urefu wa mchana. Aina za kaskazini mwa Ulaya hungoja mchana wa saa 14 au zaidi, na Morogoro mchana mrefu kuliko yote, ule wa Desemba, hufika saa 12 na nusu tu. Vitangoja mpaka vizeeke. Vikate uvitumie kama vitunguu vya majani, halafu nunua mbegu za aina za mchana mfupi: Red Creole, Bombay Red au Mang'ola Red. Sia kitaluni mwezi wa Machi au Aprili, hamishia bustanini baada ya wiki 6 hadi 8, mche ukiwa na unene wa penseli. Nafasi iwe sentimita 10 kati ya miche na 20 kati ya mistari. Usizike shingo. Majani yakianza kulala yenyewe, acha kumwagilia.

Kitabu chako usikitupe. Sura za udongo, mboji na kubadilisha mazao zinafaa Morogoro kama zinavyofaa huko. Zisome na penseli mkononi. Kinaposema mboji iachwe hadi mwaka, andika miezi 2 hadi 3, ila lundo lisipungue mita 1 kila upande, ligeuzwe kila baada ya wiki 2, na likae chini ya mwembe lisikaushwe na jua. Kamua konzi moja: likitoka tone moja au mawili, maji yanatosha, yakichuruzika, ongeza majani makavu.

Ushauri wa kupanda nyanya kwenye ukuta unaotazama kusini ni wa kutafuta joto, jambo ambalo wewe hulihitaji. Hapo kwako ukuta unaotazama mashariki ni bora: jua la asubuhi, kivuli kuanzia saa nane mchana. Matuta ya kuinuliwa nayo yalibuniwa kwa ardhi inayotuama maji. Wakati wa masika, sawa. Kiangazi tengeneza kitanda kilichozama sentimita 10 hivi na ukifunike kwa matandazo, ndipo maji ya ndoo yatakapobaki kwenye mizizi. Kalenda yenyewe ibandike karatasi juu.

SWALI: Sukuma wiki niliyopanda kwenye gunia: ya juu inaoza, ya ubavuni kwa chini inakauka, na ninamwagilia kila siku. Kwa nini?
Mama wa wawili, Mbagala

JIBU: Nguzo ya mawe katikati ya gunia, inayopitisha maji hadi chini, imeziba. Wengi hutumia kokoto ndogo zenye vumbi. Vumbi likilowa linaganda kama saruji, na maji yanabaki juu. Mawe yawe ya ukubwa wa ngumi, yameoshwa.

Kuliokoa gunia lililopo, tafuta bomba la plastiki la inchi 2, litoboe kila sentimita 10, toa mawe ya juu kadiri mkono unavyofika, lisukume katikati taratibu, kisha mwagilia kupitia humo, nusu ndoo asubuhi.

Ukianza upya, changanya ndoo 3 za udongo wa juu, 2 za samadi iliyooza na 1 ya mchanga. Samadi mbichi ya kuku itaunguza mizizi. Simamisha kopo lililokatwa pande zote mbili katikati ya gunia, lijaze mawe, jaza udongo pembeni, livute juu, rudia mpaka ufike mdomoni. Mwagilia, acha siku 3 udongo ushuke, uongeze. Hapo ndipo utoboe: matundu ya upana wa vidole viwili, kwa mpangilio wa kupishana, la chini kabisa likiwa sentimita 30 kutoka ardhini. Tundu kubwa linamwaga udongo kila ukimwagilia. Ubavuni weka mchicha au spinachi. Sukuma wiki, ambayo huwa nzito, ikae juu, miche 4 tu.

SWALI: Naweza kukamua mbegu za nyanya za F1 (chotara) nikapanda tena?
Msomaji, Thika

JIBU: Zitaota, lakini kila mche utakuwa na tabia zake: mmoja mrefu, mwingine matunda madogo, mwingine unashikwa na ugonjwa ambao mama yake aliuvumilia. Ukitaka mbegu zako mwenyewe, anza na aina zisizo chotara, kama Cal J au Rio Grande. Chagua mche usio na ugonjwa (tusichague tunda kubwa kwenye mche mgonjwa, kosa la kila siku), kamua mbegu na maji yake kwenye kikombe, acha siku 2 hadi 3 utelezi uachie, osha, anika kivulini juu ya sahani. Kwenye karatasi zitang'ang'ania.