Kujaza katriji za marisau ya chuma nyumbani: usichezee kipimo

Ukimsikia mtu anasema alichukua kipimo cha marisau (zile punje ndogo za ndani ya katriji) ya risasi, yaani yale madini mazito, akapunguza baruti kidogo, akatia marisau ya chuma na mambo yakaenda sawa, usisimame karibu naye anapofyatua. Huenda ni kweli yalikwenda sawa. Mtutu haupasuki kila mara, na hapo ndipo watu wanapojidanganya.

Naishi Minnesota. Msimu wa bata ukikaribia, Waswahili wenzangu wa huku walioingia kwenye uwindaji huanza kunitumia meseji: "Kaka, nimepata mashine ya kujazia kwa bei ya kutupa, nianzie wapi?" Naandika kwa ajili yao. Mlioko nyumbani someni kwa kujua tu, maana sheria za Kenya na Tanzania hazimruhusu mtu kujitengenezea katriji sebuleni bila kibali, na Kenya uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku tangu 1977. Huku Marekani unaruhusiwa kujaza katriji za matumizi yako mwenyewe. Kuuza ni habari nyingine, inahitaji leseni.

Kwa nini chuma? Bata humeza vijiwe vya kumsaidia kusaga chakula kwenye firigisi, na punje ya risasi iliyolala kwenye tope kwake ni kijiwe tu. Punje chache zinatosha kumuua kwa sumu, na tai akila mzoga huo naye anaumia. Serikali ilianza kubana baadhi ya maeneo miaka ya 1970, na kufikia msimu wa 1991 marufuku ilikuwa imeenea nchi nzima kwa uwindaji wa ndege wa majini. Hata kukutwa na katriji za risasi mfukoni huku unawinda bata ni kosa.

Sasa tuje kwenye hatari. Risasi ni nzito na laini. Baruti inapowaka, punje zake zinabonyea, zinajibana, zinameza sehemu ya ule mshtuko wa kwanza. Chuma hakibonyei. Punje zinasukumwa zote kwa pamoja kama nguzo ngumu, na shinikizo ndani ya chemba, pale katriji inapokaa nyuma ya mtutu, linapanda haraka. Halafu chuma ni chepesi: uzito uleule unachukua nafasi karibu mara moja na nusu ya ile ya risasi, kwa hiyo nafasi iliyobaki ndani ya ganda kwa ajili ya baruti na kikombe cha kubebea marisau inakuwa finyu. Ndiyo maana vipimo vya chuma hutumia baruti zinazoungua polepole, pamoja na vikombe virefu vya plastiki ngumu yenye kuta nene, ili punje zisiguse mtutu na kuukwaruza. Kikombe cha risasi ni chembamba, chuma kitakitoboa.

Kwa hiyo kipimo cha chuma kinachukuliwa kizima kama kilivyo kwenye kitabu cha vipimo vilivyojaribiwa: ganda lilelile, praima (ile fataki ndogo ya kitakoni) ileile, baruti ileile, kikombe kilekile, uzito uleule wa marisau. Usibadilishe hata kimoja. Watu wengi wanakubali kuhusu baruti lakini wanapuuza praima. Praima kali zaidi peke yake inaweza kupandisha shinikizo kupita kiwango, na kwa katriji ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) yenye urefu wa inchi 2¾ au 3, kiwango cha juu kinachokubalika Marekani ni pauni 11,500 kwa inchi mraba. Hauna chombo cha kupima hilo gereji kwako. Waliotoa kitabu walikuwa nacho. Vipimo vya watu wa mitandaoni, hata mtu aseme ana miaka mingi kwenye kazi hii, mimi sivigusi.

Ganda nalo lina mambo yake. Maganda mawili ya urefu mmoja yanaweza kuwa tofauti kabisa kwa ndani: moja kuta zake zimenyooka, jingine linabana kuelekea chini, na kitako cha ndani kimoja kiko juu kuliko kingine. Chungulia ndani kwa tochi kabla hujaamini maandishi ya nje. Ganda lililoanza kupasuka mdomoni au lenye kutu kitakoni tupa, ni la senti chache.

Kuhusu hizo mashine za bei ya kutupa: nyingi zimetengenezwa kwa risasi. Punje ya risasi ikinaswa kati ya upau wa kupimia na ukingo wake, inakatika na mkono unaendelea. Ya chuma haikatiki. Ukilazimisha, unaharibu mashine. Ziko mashine za chuma, kwa mfano MEC wana yao iitwayo Steelmaster, na kama umeamua kuingia kwenye kazi hii ingia na kitu cha aina hiyo. Bushi za risasi, vile vipete vya kupimia, na jedwali lake visahau, kwa sababu vinapima ujazo, na ujazo wa chuma ni mwingine.

Hata ukiwa na mashine nzuri, angalia bomba la kushushia marisau. Punje kubwa kama BB, yenye kipenyo cha milimita 4.6 hivi, zikifika kooni mwa bomba hushikana bega kwa bega na kuziba. Unavuta mpini, unasikia mchakacho mfupi badala ya ule wa kawaida wa kumiminika, kikombe kinajaa nusu. Usiposhtuka ukaendelea na ganda linalofuata, lile rundo linaachia, na ganda la pili linapata zigo lake na la mwenzake. La kwanza ni pungufu, la pili ni bomu. Kwa marisau makubwa mimi silitumii bomba kabisa. Napima kila mzigo kwenye mizani na kuumimina kwa mkono kwa faneli pana. Ni kazi ya taratibu, na ukiona inakuchosha basi pumzika, usiharakishe.

Baruti nayo ipimwe kwa mizani. Mezani pawe na kopo moja tu la baruti, na ukimaliza kinachobaki kirudi kwenye kopo lake la asili. Simu iwe chumba kingine, miwani machoni, sigara isikaribie. Katriji ikishakunjwa mdomo, ipime nzima. Inayozidi au kupungua kuliko wenzake kwa kiasi kisichoeleweka ifungue. Mkunjo ukiwa umetumbukia sana au umevimba, maana yake ndani vitu havikukaa kwa kimo chake. Usibonyeze kwa nguvu ili ipendeze.

Bunduki yenyewe? Mitutu ya zamani myembamba, na yenye choki (mbano wa mdomo wa mtutu) iliyobana sana, haifai kwa chuma. Browning wenyewe wanaonya kwamba mitutu yao ya kale iliyotengenezwa Ubelgiji isipigishwe chuma. Kama babu mkwe amekuachia bunduki nzuri ya kizamani, itundike. Kwa bunduki ya kisasa anza na choki ya kati au iliyo wazi zaidi. Chuma hutawanyika kidogo kuliko risasi, hauhitaji kubana. Na panda saizi mbili: aliyezoea risasi namba 4 atumie chuma namba 2 (namba ikiwa ndogo punje ni kubwa), kwa sababu punje nyepesi inapoteza kasi mapema.

Jambo moja la huku kwetu kwenye baridi. Baruti za polepole zikipata baridi kali asubuhi ya Novemba zinaweza kuungua vibaya, hasa kama mkunjo ni legelege. Utasikia "puu" badala ya mlio wenyewe, na bega halisukumwi. Hata bata wakiwa wanapita juu ya kichwa chako, usifyatue tena. Fungua, toa katriji zote, chungulia mtutu. Kikombe kikiwa kimekwama humo, katriji inayofuata ndiyo inayopasua mtutu. Hali hiyohiyo hutokea katriji ya geji 20 ikiingia kwenye bunduki ya geji 12: inateleza, inakaa mbele ya chemba, unaona pako tupu, unatia ya 12 nyuma yake. Ndiyo maana za 20 viwandani huzifanya za njano, na ndiyo maana mimi siweki geji mbili kwenye begi moja.

Mkinunua marisau ya mtumba, pitisha sumaku: chuma kinashika, risasi haishiki. Gololi za beringi msiguse hata kama zinalingana kwa kipenyo, ni ngumu mno kuliko marisau ya chuma laini yaliyotengenezwa kwa kazi hii.

Kuhusu kuokoa hela, sitawadanganya. Katriji za chuma za kawaida dukani zikipunguzwa bei, ukijumlisha vikombe, praima, baruti na muda wako, unachookoa ni kidogo mno au hakuna. Kujaza kuna maana kwa anayetaka saizi au mchanganyiko ambao duka halina, na anayependa kazi ya mikono yenye subira. Aliye na haraka ya msimu huu anunue boksi, aende akapige karatasi kwanza kwa hatua 30 aone bunduki yake inavyotawanya, mashine ataigusa majira ya baridi ziwa likishaganda.