Maswali ya wasomaji: Marki, breve na leseni, haki ya mwenyewe inaishia wapi?

Jambo sana. Niko na duka la vipuri vya pampu za maji kwenye soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Mali ninanunua kwa muuzaji wa jumla ng'ambo ya Kasumbalesa, na ni mali ya kweli, si ya bandia. Sasa depo moja ya mjini imenitumia barua ya avoka: eti wao peke yao ndio wenye ruhusa ya kuuza marki hiyo Haut-Katanga, na nikiendelea mali yangu itakamatwa. Nifunge duka?

Usifunge, Mama, na usijibu kwa hasira. Barua hiyo imechanganya vitu viwili. Mkataba wa kuuza peke yake unawafunga waliotia sahihi, na wewe hukutia. Ili kumzuia mtu wa nje, depo inahitaji haki ya marki yenyewe (jina au alama ya bidhaa), na haki hiyo huenda nchi kwa nchi: marki iliyoandikishwa Lusaka haivuki mpaka pamoja na lori. Kongo haimo OAPI wala ARIPO, jumuiya mbili za Afrika za kuandikisha marki na breve, kwa hiyo marki inapaswa kuwekwa Kinshasa, Wizara ya Viwanda, kwa sheria namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982. Inadumu miaka 10, kisha inafanywa upya. Marki mashuhuri sana ndiyo pekee inaweza kulindwa bila cheti, kwa kifungu cha 6 bis cha Mkataba wa Paris wa kulinda marki na breve.

Basi jibu lako la kwanza liwe mistari mitatu tu: naomba nakala ya cheti, tarehe ya kuwekwa, na jina la mwenye marki. Jina hilo likiwa la kiwanda, depo ionyeshe pia karatasi inayoipa ruhusa ya kudai kwa niaba yake.

Cheti kikiwepo, linabaki swali la kama haki ya mwenye marki inakwisha mali ikishauzwa mara ya kwanza, hata kama iliuzwa nchi nyingine. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) juu ya haki za ubunifu, kifungu cha 6, umeiachia kila nchi ijiamulie. Kenya (nchi, si mtaa wenu) iliruhusu jambo hilo kwa upande wa breve (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) katika sheria yake ya 2001, lakini mfano wa Nairobi hautakutetea mbele ya jaji wa hapa. Mtake avoka wao ataje kifungu cha sheria ya Kongo anachoegemea. Vitisho vingi huishia hapo.

Kinachowaangusha wauzaji wa mali halali ni mambo madogo: kubadilisha boksi, kukwangua namba ya toleo, au kuongeza vipande kumi vya bandia katikati ya mia vya kweli. Tunza fakture ya Zambia, tamko la duane na karatasi ya OCC (ofisi ya Kongo ya kukagua mali), na namba zilizo kwenye karatasi zifanane na zilizo kwenye boksi. Piga picha kabla ya kufungua.

Sisi ni mafundi wa Ruashi, tunatengeneza vinu vya kusaga mahindi. Kampuni ya ng'ambo inatupa leseni ya kutumia nyundo na chekeche walizobuni. Masharti: kila marekebisho tutakayofanya yawe yao bure, tusipinge breve yao, chuma na beringi zote tununue kwao, mrabaha (malipo ya kutumia ubunifu wao) wa 5% wa kila kinu kwa miaka 15, na tusiuze chini ya bei yao. Tutie sahihi?

Bado. Leseni yenyewe si mbaya, na kampuni haina kosa kwa kuwa na breve tu. Sheria ya ushindani haigusi kumiliki, inagusa namna ya kutumia. Lakini hayo masharti yenu, mtu angedhani yamekusanywa makusudi yawe mfano wa darasani.

Anzeni na breve. Ulizeni ni namba gani, iliombwa lini, na kama iliwekwa Kinshasa. Mnaweza kuitafuta bure kwenye Patentscope, hazina ya mtandaoni ya WIPO, shirika la dunia la haki za ubunifu. Kama Kinshasa haipo, hapa Kongo hakuna breve ya kukodisha. Labda mnanunua michoro na mafunzo, na hivyo vina thamani, ila viitwe kwa jina lake na vipewe bei yake. Mkitaka kuuza Zambia, angalieni pia kama breve inatambuliwa kule, maana Zambia ni mwanachama wa ARIPO.

Halafu miaka. Breve hudumu miaka 20 tangu siku ya kuombwa. Tuseme iliombwa 2014: inakwisha 2034. Mkitia sahihi 2026 kwa miaka 15, mtalipa hadi 2041, yaani miaka saba kwa kitu ambacho kila fundi wa Katuba atakitumia bure. Andikeni: mrabaha unakoma siku breve inapokoma.

Mrabaha uhesabiwe juu ya nini? Tuseme kinu kinauzwa dola 1,200, na nyundo pamoja na chekeche ni dola 180 ndani ya hizo. 5% ya kinu kizima ni dola 60. 5% ya kipande chao ni dola 9. Kwa vinu 40 kwa mwaka ni dola 2,400 dhidi ya 360. Mota na fremu ni jasho lenu, kwa nini muyalipie?

Kifungu cha 40 cha TRIPS kinataja kwa jina masharti mawili kati ya yenu: kurudisha marekebisho kwa mwenye breve peke yake, na kukatazwa kupinga breve. Hakiyafuti yenyewe. Kinaipa nchi ruhusa ya kuyadhibiti, na Kongo ina sheria namba 18/020 ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani. Kwa marekebisho, wapeni ruhusa ya kuyatumia, umiliki ubaki kwenu. Kifungu cha kutopinga kiondoke.

Kuhusu chuma, watasema ni ubora. Sawa, waandike aina ya chuma, unene kwa milimita na ugumu wake, nanyi mnunue popote. Beringi haina siri yoyote. Bei ya lazima igeuzwe kuwa bei ya kupendekeza. Na someni kifungu cha usuluhishi: kwenda kubishana London kunaweza kula pesa kuliko mrabaha wote.

Mimi ni muuguzi Katuba. Kama serikali inaweza kuvunja breve za dawa, mbona dawa bado ni ghali?

Kwa sababu mara nyingi breve siyo inayopandisha bei. Nchi zilizo nyuma kimaendeleo, Kongo ikiwemo, zimeruhusiwa kutotekeleza breve za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Dawa ambayo haina breve hapa bado inaweza kuwa ghali ikiwa mwingizaji ni mmoja tu, na hilo ni jambo la ushindani.

Silaha mbili, kanuni za breve na sheria ya ushindani, zikishikwa pamoja, zinafanya kazi. Afrika Kusini, mwaka 2002, wagonjwa na wanaharakati waliwashtaki GlaxoSmithKline na Boehringer Ingelheim kwenye Tume ya Ushindani kwa bei za dawa za ukimwi. Oktoba 2003 Tume ilisema kampuni zimetumia vibaya nguvu zao sokoni. Desemba zikakubali kutoa leseni kwa watengenezaji wengine, mrabaha usiozidi 5%. Kifungu cha 31(k) cha TRIPS kinasaidia hapo: kosa la ushindani likithibitishwa, serikali inaweza kutoa leseni ya lazima, hata mwenye breve asipotaka, bila kuanza na mazungumzo na mwenye breve.

Jirani yetu Rwanda alipita njia nyingine. Mwaka 2007 alitangaza kwa WTO kuwa ataagiza pakiti 260,000 za dawa ya mchanganyiko ya ukimwi kutoka kampuni ya Apotex ya Kanada, kwa leseni ya lazima. Mzigo wa kwanza ulisafirishwa 2008. Njia hiyo ni ndefu na ina karatasi nyingi, hata Apotex yenyewe ililalamika.

Malalamiko yapelekwe wapi?

Kwa soko la ndani, Tume ya Ushindani ya Kongo, COMCO. Kama athari inavuka mpaka hadi nchi nyingine ya COMESA (soko la pamoja la Afrika Mashariki na Kusini), tume ya COMESA ya Lilongwe, Malawi. Pelekeni barua ya vitisho, nakala ya mkataba, na jedwali la bei za miezi kadhaa pande zote mbili za mpaka: tarehe, kipimo, bei, jina la muuzaji. Malalamiko ya maneno matupu kwamba "bei ni kubwa" hayaendi mbali.