Taa ikiwaka ndege inakimbia kuruka, rubani anafanyaje?

SWALI: Habari zenu. Juzi nimepanda ndege hapa Mwanza, imeanza kukimbia mara ikafunga breki ghafla, tukarudi kupaki, rubani akasema kuna taa imewaka. Sasa je ingewaka tukiwa tunakaribia kabisa kupaa?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Pole sana ndugu, ila huyo rubani alifanya sawa. Kwenye Boeing nyingi, chini ya noti 80 (kama kilomita 148 kwa saa) hata taa ya tahadhari tu inatosha kusimama, Airbus wao mpaka wao ni noti 100. Ukishapita hapo unasimama kwa mazito tu, moto, injini kufa, au ukiona ndege hairukiki. Halafu kuna spidi inaitwa V1, inapigiwa hesabu kila safari kwa uzito, urefu wa ranwei na hali ya hewa, ukiipita hata injini moja ikizima unapaa nayo hivyohivyo maana ranwei iliyobaki huenda isitoshe kusimama. Ndo maana kompyuta yenyewe inazuia baadhi ya taa mpaka ndege iwe juu, isije ikamtia mtu kiwewe bure.

Na kiwewe si mchezo. Tarehe 30 Julai 1992 pale uwanja wa ndege wa JFK, New York, ndege aina ya Lockheed L-1011 ya shirika la Marekani la TWA ilikuwa imeshanyanyuka, usukani ukatetemeka kuonya kwamba ndege inapoteza uwezo wa kuelea, kumbe onyo la uongo, ndege nzima kabisa! Wakairudisha chini, ikatoka nje ya ranwei, ikaungua. Watu 292, wote walitoka hai.