Usimnunulie Chupa ya Vitamini, Mpeleke na Kitabu cha Kliniki

Juzi dada mmoja wa Likoni ameniandikia akiuliza anunue chupa gani ya vitamini duka la dawa, aitume Ganze kwa mwanawe anayelelewa na bibi. Bibi amelalamika kwamba magharibi ikiingia mtoto anajigonga kwenye vitu. Dada yangu, weka hizo pesa. Mtoto anayeona mchana na asiyeona jioni huenda amepungukiwa vitamini A, naye anatakiwa afike dispensari kesho asubuhi. Nalijua hili kwa sababu limepita nyumbani kwetu.

Mtoto wa wifi yangu alikuwa akikaa Kinango kwa bibi yake. Mchana alikimbizana na mbuzi kama wenzake. Jua likizama, anatafuta ukuta anakaa, na akiitwa kula anapapasa sahani. Mawifi walisema ni mzembe. Mama mkwe, ambaye namheshimu sana, alisema kuna mkono wa mtu. Niliposema apelekwe hospitali, nikaambiwa mke wa mjini amekuja kutufundisha kulea. Neno hilo linanichoma hadi leo. Lakini mtoto nilimbeba.

Muuguzi alimtazama macho, kisha akaomba kitabu cha kliniki. Ukurasa wa vitamini A ulikuwa na dozi za mwanzo tu, chini yake visanduku vitupu. Hapo ndipo watoto wetu wengi wanapoachwa! Mama anashika kliniki mpaka sindano ya pili ya surua, mtoto akiwa na miezi 18, kisha kitabu kinatupwa sandukuni kwa kuwa "chanjo zimekwisha". Vitamini A haijakwisha. Inatolewa kila baada ya miezi 6, tangu mtoto ana miezi 6 mpaka atimize miaka 5, bila malipo. Kabla ya mwaka mmoja anapewa kidonge cha buluu cha uniti 100,000, baada ya hapo chekundu cha 200,000. Kinakatwa ncha, kinakamuliwa mdomoni, na ini linahifadhi akiba hiyo na kuitoa polepole. Usipokumbuka tarehe, kumbuka wiki za Malezi Bora, kampeni ya afya ya mama na mtoto, Mei na Novemba.

Mtoto wetu alipewa dozi siku ile, nyingine kesho yake, na ya tatu baada ya wiki mbili, kwa kuwa yake yalikuwa matibabu. Haikuchukua muda akawa anacheza uani jioni na wenzake. Mama mkwe hakusema neno. Alinichinjia kuku, nami nilikula nikijua nimefanya jambo.

Tungechelewa, jicho lingekauka, konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, ikapata kidonda, na kovu lake halirudishi macho. Tena mtoto aliyepungukiwa hivi akipatwa na surua au kuhara, mwili wake hauna nguvu ya kupigana. Kuna wanaokufa.

Wala bibi hakumnyima chakula. Mtoto alishiba: uji asubuhi, sima mchana, sima usiku. Mahindi meupe hayana vitamini A. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa pakiti na mafuta ya kupikia viongezwe vitamini, lakini mahindi ya shambani yanasagwa posho mill ya kijiji, na pale hakuna anayeongeza kitu. Aliye na pesa ya pakiti ndiye anayekingwa. Hili linaniudhi.

Basi turudi kwenye mboga zetu: mchicha, kisamvu, majani ya kunde, mnavu. Boga, papai, embe lililoiva. Lile bichi la pilipili halitoshi. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, si vyeupe. Na mboga ipikwe kwa tui au mafuta, kwa sababu bila mafuta mwili hauichukui vitamini vizuri. Mchicha wa maji na chumvi unamfaidi mtoto kidogo tu. Yai likipatikana, apewe yeye kwanza, kabla ya baba.

Nasema na nyinyi mnaotafuta riziki Mombasa na kuacha watoto mashambani. Kutuma pesa hakutoshi. Maembe ya Kilifi yanajaa soko la Kongowea kwa malori, na kule yalikotoka mtoto anakula sima na chumvi kwa kuwa embe limekuwa la kuuza. Piga simu, uliza amekula mboga gani, uliza dozi ya mwisho ilikuwa mwezi gani. Na akina baba mnaodhani kliniki ni ya wanawake: mtoto ni wako pia.

Dozi hizi msijigawie wenyewe nyumbani. Zikizidi ni sumu, na mjamzito hafai kabisa kunywa zile kubwa. Dada wa Likoni, mwambie bibi si lazima akungoje wewe ufike, muuguzi atampokea mtoto akiletwa na bibi. Kitabu kikiwa kimepotea, waende hivyo hivyo, wataandikiwa kingine.