Waya wa mgongoni na msimu wa korosho

SWALI: Baba yangu yuko Newala. Amerudi kutoka India akiwa amepandikizwa kifaa cha umeme cha kutuliza maumivu sugu ya mgongo. Msimu wa korosho unakaribia, naye anataka kurudi shambani. Tumesikia nyaya za vifaa hivi hupimwa kwa kukunjwa makumi elfu ya mara. Je, inamtosha mtu anayeinama kutwa akiokota?

JIBU: Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Nyaya hupimwa kweli, ila mikunjo ya maabara si hesabu ya kuinama kwa mzee. Kiwango cha Ulaya EN 45502-2-1, cha nyaya za pesimeka (kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo), kinataka waya ustahimili mikunjo 47,000, na sehemu iliyo jirani na kiunganishi 82,000. Vichochezi vya neva, kama kifaa cha mzee, vina kiwango chao, ISO 14708-3. Mashine hupinda waya hadi karibu digrii 90 kila upande, mahali palepale, mara 2 hivi kwa sekunde. Mikunjo 47,000 huisha kwa saa sita na nusu. Ni mateso ya makusudi, ya kufichua udhaifu wa chuma. Mwilini waya hupinda kidogo tu mtu anapoinama. Kwa hiyo mzee akiinama mara 500 kwa siku, usigawanye ukadhani siku ya 94 utakatika.

Mimi naogopa zaidi waya kuhama. Kwa maumivu ya kiuno na miguu, ncha yake mara nyingi hulazwa usawa wa pingili ya 8 hadi ya 10 ya uti wa mgongo sehemu ya kifua. Ikisogea milimita chache, umeme unakosa shabaha. Daktari huushona waya kwenye utando mgumu wa misuli na kuacha kitanzi cha akiba, lakini kovu la kuushika vizuri huchukua wiki 6 hadi 8. Kama hazijatimia, mzee asiokote, asijipinde, asibebe gunia. Akae jamvini abague korosho. Hata baadaye, aanze shamba kwa ruhusa ya daktari wake.

Umeme ukipotea ghafla, au ukimshtua anapoinama, azime kifaa kwa rimoti. Eksirei ya mbele na ya ubavuni, hata Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mtwara, itaonyesha kama waya umesogea. MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) asifanyiwe kabla kadi ya kifaa haijasomwa. Waya ukikatika, ukinzani wake kwa umeme, unaopimwa kwa omu, hupanda mno, hivyo ombeni India sasa hivi vipimo vyake vya omu na picha za baada ya upasuaji, fundi apate cha kulinganisha.